Shangazi Aliyeacha Kila Kitu

Shangazi yangu, dada yake baba, nyumbani walimwita Nusu. Shule aliiacha kidato cha tatu. Akapelekwa kusomea upishi, akaacha. Kompyuta, akaacha. Hata uchumba aliuacha: kijana wa watu, mtaratibu, ana kazi yake, kosa lake moja tu alipenda kunong'ona.

"Huyu ana kichwa kigumu na miguu myepesi," baba alisema, na sisi watoto tukacheka bila kujua tunacheka nini.

Mwishowe akapata kibarua kwenye kiwanda cha mbao. Baba akasema mwezi hautaisha atakuwa amesharudi nyumbani. Mle ndani misumeno hunguruma mfululizo tangu asubuhi. Ukitaka kumwambia mtu jambo, lazima umvute hadi nje. Kazi ya shangazi ilikuwa kupanga mbao zilizokwisha kupasuliwa. Mwezi ukapita, mwaka ukapita, hakuacha. Tena alipiga soga na watu wa upande wa pili wa ukumbi, watu ambao hata sauti zao wenyewe walikuwa hawazisikii. Wenzake walisema ana masikio makali kuliko paka.

Asubuhi moja fundi wa msumeno mkubwa, mtu mzima waliyemwita Mzee Randa, alinaswa mkono wa shati na mkanda wa mashine. Akapiga kelele. Wenzake walikuwa karibu naye, wamempa mgongo, hakuna aliyegeuka. Shangazi, kutoka mwisho wa ukumbi, aliruka mbao, akafika kwenye swichi kuu ukutani, akaizima. Kukawa kimya ghafla. Mkanda ulisimama ukiwa umeshavuta mkono hadi kiwiko. Shati lilichanika lote, mkono ukapona na michubuko.

Walimkalisha nje, wakampa maji. Mzee Randa akamtazama shangazi.

"Mwanangu, umenisikiaje na kelele zile?"

"Si ulisema 'nisaidieni, nakufa'? Nimesikia kama ninavyosikia siku zote."

Mzee akageuka, akampa mgongo, akasema kwa sauti ya kawaida, "Haya, shati hili nakupa wewe ukalishone." Watu wakacheka. Shangazi alikuwa bado anangoja aseme kitu.

Mzee Randa mwenyewe, mkono umefungwa bandeji, ndiye aliyempeleka hospitali kupimwa masikio, na baba akaitwa. Daktari alisema masikio yale yanasikia kidogo mno, huenda tangu homa kali ya utotoni. Miaka yote shangazi alikuwa anasoma midomo.

"Mbona hukutuambia?" baba aliuliza.

"Ningewaambia nini, kaka? Nilidhani watu wote wanasikia hivi. Kwamba mtu akigeuka maneno yanakwisha, na nyie mnakisia yaliyobaki. Nikajiona mimi tu ndiye sijui kukisia."

Baba aliinuka, akatoka, akaenda kukaa kwenye korido muda mrefu. Jina la Nusu halikutamkwa tena nyumbani kwetu.

Ndipo tukaanza kuelewa na mengine. Walimu waliokuwa wakieleza huku wanaandika ubaoni. Mpishi mkuu aliyetoa amri akiwa ameinamia sufuria. Darasa la kompyuta, ambako mwalimu husimama nyuma yako. Na yule mchumba, maskini.

Alipewa vifaa vya masikio, akarudi kusoma na watu wazima wenzake. Siku ya kwanza alinyoosha mkono mwalimu hajamaliza hata salamu: "Samahani, mwalimu, ukigeukia ubao mimi utakuwa umeniacha njiani." Mwalimu yule akazoea kuandika kwanza, kisha kugeuka ndipo aseme. Mtihani wa kidato cha nne shangazi aliufanya na akafaulu. Baadaye alianza kujifunza kufuma, akaacha. "Hiyo nimeiacha kwa sababu inachosha," aliniambia, akicheka mpaka machozi.

Mimi nilikuwa bado shuleni. Siku moja, kipindi cha historia, niliziba masikio kwa pamba nikakaza macho kwenye midomo ya mwalimu. Nilishika neno hapa, neno pale. Akageuka kuandika, yote yakapotea. Kabla kipindi hakijaisha kichwa kilikuwa kinaniuma, jasho linanitoka, na ungeniuliza somo lilihusu nini nisingeweza kukuambia.

Nilitoa pamba, nikabaki nayo mkononi. Shangazi alifika kidato cha tatu hivyo hivyo, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anafanya jambo gumu.