Kiti Nilichodai ni cha Marehemu Bwanangu

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana najua hii stori imeshafika mpaka Nunguni na huko imetiwa chumvi. Ni kweli, ni mimi niliyemwaga mchuzi wa mbuzi kwenye maonyesho ya sanaa Kitui, mbele ya mke wa pasta wetu, nikipigania kiti ambacho hakikuwa changu. Aibu niliipata, siikatai. Lakini sikuomba msamaha kwa yote, na mkinisikiliza mpaka mwisho mtajua kwa nini.

Mimi nauza mbegu na dawa za mifugo hapa Kwa Vonza, na miaka yote Kitui kwangu ni mahali pa mbio, unashuka, unachukua mzigo, unarudi. Rafiki yangu Nduku, tuliyesoma naye na siku hizi anashona sare za shule kule Sultan Hamud, ndiye aliyesema safari hii twende kama wageni, tutembee polepole kwenye mitaa ya zamani yenye maduka ya milango ya mbao, tule vizuri, tuone kazi za wachongaji na wachoraji zilizotangazwa redioni, halafu turudi bila kubeba hata kilo moja ya mahindi. Nikafunga duka siku nzima (wateja wengine walidhani nimefiwa), nikavaa gauni langu la harusi za watu, tukaenda.

Na asubuhi ilikuwa tamu, sitadanganya. Tulizunguka, tukasimama mbele ya nyumba kuukuu tukibishana ni nani aliijenga wakati hakuna anayejua, kisha tukaingia kwa hoteli moja ya Waswahili karibu na msikiti tukaagiza pilau na mchuzi wa mbuzi. Huo mchuzi ulikuwa mzito, una tangawizi na ndimu, mpaka Nduku ambaye husema sana akanyamaza. Tukashindwa kuumaliza. Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu nilimwambia mama mwenye hoteli anifungie uliobaki.

"Mumbua, wacha hiyo mchuzi," Nduku akaniambia. "Leo sisi ni wageni."

"Hata wageni hula jioni," nikamjibu, nikatia kopo kwa mkoba.

Maonyesho yalikuwa ndani ya ghala moja la zamani lililopakwa chokaa. Mlangoni askari akasema mikoba yote ibaki kwake. Nikaangalia pale alipokuwa akiiweka, juani kabisa, nikafikiria mchuzi wangu, nikamwambia siwezi kuacha mkoba kwa sababu una dawa. (Mimi ni mtu wa dawa, si uongo mkubwa, ila zangu ni za ng'ombe.) Akanihurumia, akanipisha. Kumbukeni, kama singebeba mchuzi singedanganya, na kama singedanganya ningeingia na mikono mitupu kama watu wengine.

Ndani kulikuwa kuzuri. Picha za akina mama wakichota maji kwenye mchanga wa mto, vibuyu, vinyago, watu wakiongea kwa sauti ya chini kama kanisani. Na kwa kweli kanisa lilikuwepo, maana nilimwona mke wa pasta wetu na kina mama watano wa ushirika, nikawapungia mkono kwa heshima. Halafu nikageuka, nikaona kiti.

Ni lazima mjue kwamba marehemu bwanangu, Musyoka, alikuwa mchongaji. Alichonga viti vidogo vya miguu mitatu, akavipamba juu kwa nyaya nyembamba za shaba, na kimoja alichonga kikiwa changu peke yangu. Wiki ya mazishi yake nyumba ilijaa watu, na watu walipoondoka kiti nacho kilikuwa kimeondoka. Nimekitafuta miaka sita. Nimeingia mpaka majiko ya watu nikijifanya nimekuja kuomba moto.

Sasa kiti kiko mbele yangu, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, na kando yake kuna kikaratasi: "Kiti cha mzee wa ukoo. Mchongaji hajulikani." Damu ikanipanda kichwani.

"Hajulikani na nani?" nikauliza, na sauti yangu (mnaijua) ikajaa ghala lote. "Huyu mtu nimelala naye miaka ishirini na nane."

Watu wakacheka. Msichana mmoja anayeitwa Faith, ndiye aliyekuwa akisimamia, akaja mbio na heshima zake zote. "Mama, pole. Hii kiti tulipewa na mtu anayekusanya vitu vya kale. Una hakika?"

"Kipindue. Chini utaona mistari mitatu. Tuna mabinti watatu, na kila kitu alichonga aliweka hiyo alama."

"Haturuhusiwi kuvigusa hivi hivi, Mama. Wacha nimpigie mkubwa wangu."

Nduku alikuwa ananivuta gauni kwa nyuma. Mke wa pasta alikuwa amekaribia na ushirika wake wote. Na mimi niliona kwamba nikingoja mkubwa apigiwe, nitaambiwa nirudi Jumatatu, na Jumatatu kiti kitakuwa kimefungiwa mahali. Basi nikakishika mwenyewe kwa mikono miwili, nikakiinua, mkoba ukateleza begani ukagonga meza, kopo likafunguka, na mchuzi wote ukatoka, ukamwagikia kile kitambaa cheupe, ukateremka mpaka kwa viatu vya mke wa pasta. Ghala likanuka tangawizi. Askari akafika, akaangalia mchuzi, akaniangalia mimi.

"Hiyo ndiyo dawa, mama?"

Nilikuwa nimeshakipindua kiti, na hapakuwa na mistari mitatu. Nilipapasa kwa vidole, nikadhani ni macho, nikapapasa tena. Hakuna. Kilikuwa kiti cha mtu mwingine, na mimi nimesimama katikati ya watu na mchuzi miguuni nikiwa nimetangaza habari za kitanda changu. Kuna mtu alikuwa anapiga picha. Nilitamani kulia, si kwa aibu, bali kwa sababu kwa dakika tano nzima nilikuwa nimempata Musyoka.

Ila kulikuwa na maandishi. Yalichomwa kwa msumari wa moto, herufi zimepinda, na nilikuwa karibu kukirudisha kiti bila kusema kitu. Halafu nikafikiria hicho kikaratasi, nikayasoma kwa sauti ile ile niliyokidai nayo kiti: "Kiilu, Nzambani."

Faith akainama, akasoma mwenyewe, uso ukambadilika. "Hakuna mtu aliwahi kuangalia chini," akasema polepole.

Na mke wa pasta, akiwa bado anajipangusa viatu na kitambaa cha mkononi, akasema, "Mimi nimezaliwa Nzambani. Kiilu alikuwa jirani yetu. Bintiye anauza nguo hapa sokoni."

Niliombwa nitoke, kwa adabu, na nilitoka. Kitambaa nilikifua mwenyewe nikakirudisha, na askari nilimwomba msamaha kwa sababu nilimdanganya. Mke wa pasta pia, kwa ajili ya viatu. Lakini Faith aliponiuliza kwenye simu kama najuta kugusa kiti, nilimwambia hapana, na siku hizi nikiulizwa bado nasema hapana.

Kikaratasi walikibadilisha. Siku moja mama mmoja akaingia dukani kwangu, hakutaka mbegu wala dawa. "Ni wewe ulisoma jina la baba yangu?" akauliza. Nikasema ni mimi. Akakaa, tukanywa chai, akanieleza vile Kiilu alivyokuwa, na mimi nikamweleza Musyoka. Hakuna aliyetazama saa.

Kiti changu bado sijakiona. Nimeapa jambo moja tu, kwamba nikikutana na kingine sitafungua mdomo mbele za watu kabla sijakipindua. Kukipindua nitakipindua, hata waandike "Usiguse" kwa herufi kubwa namna gani.