Ubishi Wangu Juu ya Moja

Juzi binti yangu alikuwa mezani akifanya hesabu za shule, hapa nyumbani kwetu Bulla Pesa, nami nimekaa kando yake namenya viazi. Alikuwa ameambiwa aandike namba tasa zote zilizo chini ya ishirini. Nikachungulia daftari lake: mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja. Nikamwuliza, "Na moja je?" Hata hakuinua uso. "Moja si namba tasa, Mama. Kila mtu anajua." Nikarudi kwenye viazi vyangu, lakini sikuvimaliza. Machozi yalinijaa nikatoka nje nikisingizia kuanua nguo.

Ngoja nikueleze. Nililelewa na bibi mzaa mama kule Kulamawe. Mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya, na katika watoto wa bibi ni yeye tu aliyekuwa amefikia utu uzima. Bibi nilimwita Akko, kama Waborana wote wanavyowaita bibi zao. Tulikuwa na mbuzi, na usiniulize walikuwa wangapi, maana kwetu hakikuhesabiwa kitu chenye uhai. Jioni mbuzi waliporudi na vumbi lao, Akko alisimama penye mlango wa zizi la miiba akiwatambua kwa rangi na kwa mama zao: mweusi wa paji jeupe, binti ya yule mkaidi, pacha wa yule aliyeliwa na fisi. Akikosekana mmoja, alijua kabla mlango haujafungwa. Watu nao walikuwa vivyo hivyo. Mgeni akiuliza watoto ni wangapi, aliambiwa, "Wapo, alhamdulillahi," kisha akamiminiwa chai. Kutaja idadi ya watu wako ilikuwa ni kuwaitia husuda.

Sasa fikiria mtoto wa nyumba ya namna hiyo akikutana na mwalimu wa hesabu. Mwalimu alitoka Meru, mtu mrefu, mwenye sweta la kijani ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Alitutoa nje akatukalisha chini tupange vijiwe, na vijiwe Kulamawe havijawahi kukosekana. Vijiwe sita vilikubali kukaa safu mbili za vitatu vitatu. Saba vilikataa. Ukivipanga safu mbili kimoja kinabaki, ukivipanga safu tatu kimoja kinabaki, mpaka uviweke vyote kwenye mstari mmoja. Hizo zinazokataa, akasema, ndizo namba tasa, zisizogawanyika sawasawa ila kwa moja na kwa zenyewe. Tuliporudi darasani akaziandika ubaoni, akaanzia mbili. Nikainua mkono. Moja inagawanyika kwa moja, na inagawanyika kwa yenyewe, mbona imeachwa?

"Kwa sababu hapo moja na yenyewe ni kitu kimoja," akasema. "Namba tasa inagawanywa na namba mbili tofauti. Moja iko na hiyo moja tu."

"Sasa Mwalimu, kosa yake ni kuwa peke yake?"

Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa mtoto wa pekee wa mtoto wa pekee, na jambo lile nililichukua kama jamaa yangu amefukuzwa karamuni.

Mwalimu naye alipenda ubishi kuliko chakula. Kesho yake alitoa kabatini kitabu kikuukuu kisicho na jalada, akanionyesha orodha ya namba tasa, na moja ilikuwa imekaa pale mbele kabisa. Zamani waliihesabu, akaniambia, baadaye wakaitoa. Nikimletea sababu nzuri kabla ya shule kufungwa, ataiandika tena ubaoni na jina langu kando yake. Tangu siku hiyo sikuwa na amani. Kila asubuhi nilimngoja mlangoni pa ofisi na sababu mpya, na kila asubuhi aliipangua huku akinywa chai yake ya rangi. Nikirudi nyumbani namsimulia Akko, yeye akifukiza vyombo vya maziwa kwa moshi wa kuni, ile harufu ambayo mpaka leo nikiisikia mahali nasimama. Akko hakujua kusoma, lakini alinisikiliza mpaka mwisho. "Watu wanahesabu kila kitu, halafu moja wanaacha?" aliniuliza siku moja, na alisikitika kikweli.

Mvua ilikuwa imekosa msimu uliotangulia, na sasa ikakosa tena. Majirani wakakata shauri kuhamisha mifugo kwenda upande wa Biliqo, karibu na mto. Akko alikuwa na magoti mabovu, alihitaji miguu ya kukimbiza mbuzi, na miguu hiyo ilikuwa yangu. Mwalimu akasema ninaweza kukaa kwake na mkewe mpaka shule ifungwe, wiki tatu zilizobaki. Akko hakunilazimisha. Ningependa kukuambia nilibaki kwa sababu ya kupenda elimu, na hivyo ndivyo ninavyosema kwenye mikutano ya wazazi. Kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa nimepata sababu niliyoona itammaliza Mwalimu, na nilitaka kuiona ile moja ubaoni.

"Unakuja ama unabaki?" Akko aliniuliza.

"Nabaki, Akko. Ni wiki tatu tu."

"Haya. Kunywa maziwa kwanza niende."

Alisimama mpaka nikamaliza, akapokea kikombe, akaondoka na jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa na ngamia. Kengele ya shule ikalia, nikakimbia, wala sikugeuka kuwatazama.

Kwa Mwalimu nilikula githeri, nikitafuna mahindi makavu nikiota maziwa. Ijumaa ya mwisho alinikalisha, akaisikiliza ile sababu yangu kubwa, kisha akanitaka nimtajie ukoo wangu. Nikautaja bila kukwama, baba, baba yake, baba ya huyo, mpaka pumzi ikaniishia. Akauliza kama kuna njia nyingine ya kuutaja. Nikasema hakuna.

"Namba pia iko hivyo," akasema. "Sita ni mbili mara tatu, haina ukoo ingine. Ukiingiza moja hapo, itakuwa mbili mara tatu mara moja, mara moja tena, mara moja tena, na hautamaliza. Hakuna namba itajua ukoo yake. Moja hatukuidharau, msichana. Tuliiweka kando ndio hizo zingine zijulikane."

Nilishindwa, na nakiri nilifurahi kushindwa, kwa vile jibu lilikuwa zuri. Nikatoka mbio kumweleza Akko. Nilifika mpaka kwenye zizi tupu ndipo nikakumbuka kwamba hayupo.

Shule zikafungwa, nikangoja. Yule jirani alirudi bila yeye. Alisema salaam aleikum, akaketi chini kabla sijamkaribisha, nami nikajua. Akko alikuwa amekimbiza mbuzi juani siku nyingi, homa ikamshika, akazikwa siku ile ile aliyofariki, karibu na Biliqo. Kisha akanieleza kwamba kabla ya hapo kililetwa chakula cha msaada, na karani akawa anauliza kila nyumba ina watu wangapi. Wengine walijibu "tupo", kama kawaida yetu, na karani akawafokea. Akko, ambaye maisha yake yote hakuwahi kutaja idadi ya watu wake, alisema, "Wawili. Mmoja yuko shule." Karani akatazama nyuma yake, hakuona mtu, akaandika mmoja.

Zizi halipo siku hizi, miiba yake ilioza na mahali pake pamejengwa nyumba za mawe. Mbuzi wana vibandiko vya namba masikioni. Hospitalini nikiulizwa nina watoto wangapi nataja bila kusita, na wanangu hawaoni ajabu. Aliyenilea akanifundisha kutohesabu amebaki kwangu mimi tu, na nikiondoka atakuwa hayupo kabisa. Hilo linaniuma. Lakini linaloniuma zaidi ni jingine. Jibu la Mwalimu lilikuwa zuri, na lingekuwa zuri vilevile muhula uliofuata. Lingeningoja. Mbuzi hawakuweza kungoja, na Akko aliwafuata mwenyewe.