Mtunza Vielelezo na Tamthilia ya Ijumaa

Shemeji yangu, mume wa dada, hajawahi kumwamini mtu anayejibu haraka. Miaka ishirini na sita alitunza vielelezo mahakamani. Visu, simu, mashati yenye damu, kila kilicholetwa kuthibitisha kesi kilipita mikononi mwake kikapewa namba. Alipostaafu alihamia nyumbani na tabia zake zote. Chupa ya asali ina kibandiko kinachosema ilifunguliwa lini na nani. Mtaani wanamwita Kielelezo, naye hakasiriki, maana anaona ni cheo.

Gazeti moja la kila wiki likampa safu ya kuchambua tamthilia ya mahakama inayorushwa Ijumaa jioni. Aliichambua kama anayekagua stoo. Kisu chenye damu kikitiwa kwenye mfuko wa plastiki, anaandika mistari arobaini kwamba damu huwekwa kwenye karatasi, kwenye plastiki inaoza. Wakili akimkatiza hakimu, anataka anyang'anywe leseni. Wasomaji walimpenda. Lakini safu ikishachapwa haigusi tena. Anasema jalada lililofungwa halifunguliwi.

Msimu wa pili ulipoanza, akatokea mhusika mpya, mtunza vielelezo. Mzee mwembamba, ufunguo wa stoo kauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, hata bafuni anaingia nao. Kabla ya kufungua sanduku analigonga mara tatu. Akitaka kupiga chafya anageukia ukutani asichafue ushahidi. Dada alicheka mpaka akashika mbavu.

"Baba, huyu si wewe kabisa?" alimwuliza mumewe.

Shemeji hakucheka. Katika kipindi cha tatu yule mzee wa kwenye televisheni alipokea bahasha, akabadilisha kisu cha muuaji. Kesho yake kinyozi akamuuliza kwa utani kisu kakiuza kwa nani, na shemeji akaondoka kichwa kimenyolewa upande mmoja. Nilimwonea huruma, nasema kweli. Huyu ni mtu ambaye hajawahi kurudi nyumbani hata na pini ya ofisi, na jina safi ndilo kitu pekee alichotoka nacho kazini.

Huruma yangu iliisha alipoanza kupeleleza nani kawauzia watu wa tamthilia siri zake. Nani anajua kwamba ufunguo alikuwa anaoga nao? Mtu wa nyumbani. Nani anajua habari za chafya? Mtu wa nyumbani. Akaanza na mimi, nikiwa nakunywa chai yake.

"Shemeji, Jumatano saa nne asubuhi ulikuwa wapi?"

"Kazini, nashona suruali za watu."

"Mashahidi?"

"Suruali."

Aliniachia kwa kukosa ushahidi. Dada hakuachiwa. Kila Jumatano dada alikuwa anatoka asubuhi bila kikapu, anarudi baada ya nusu saa mkoba kaubana kwapani, anaingia chumbani na kufunga mlango. Shemeji aliandika hayo yote kwenye daftari, pamoja na saa. Akaacha kuzungumza mbele yake. Siku moja akabandika kibandiko kwenye ule mkoba: Kielelezo Namba Saba. Dada akakibandua, akaenda kuosha vyombo. Wiki tatu walizungumza habari za chumvi tu.

"Si umuulize," nilimwambia. "Ulimwoa mimi nikiwa na meno ya utoto. Muulize, yaishe."

"Mtuhumiwa haulizwi kabla ushahidi haujakamilika. Kikulacho ki nguoni mwako, shemeji."

Nilidhani ni maneno ya hasira tu, yatapita.

Jumatano iliyofuata nilikwenda kwao kudai mkasi wangu mdogo, ambao dada alikuwa ameuazima tangu msimu wa kwanza. Hakuwapo. Aliporudi, mkoba kwapani, shemeji alisimama mlangoni na daftari lake.

"Leo utaufungua mbele ya shahidi," alisema.

"Nitaufungua," dada akajibu. "Subiri."

Akaingia chumbani, akatoka na jalada nene la kijani na mkasi wangu, akaviweka mezani. Ndani ya jalada zilikuwamo safu zote za shemeji. Kila moja imekatwa vizuri, imebandikwa kwenye karatasi, na tarehe pembeni kwa mwandiko wa dada.

"Gazeti lako linatoka Jumatano na linaisha mapema, ndiyo maana natoka asubuhi," alisema. "Nilitaka nizipeleke zikajalidiwe, nikupe zikiwa kitabu."

Nikavuta jalada, nikafunua. Msimu wa kwanza, kipindi cha nne: "Mtunza stoo wa kweli haachi ufunguo kwenye droo. Mimi wangu niliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, hata kuoga nilioga nao." Kipindi cha saba: sanduku ligongwe mara tatu, mende watoke kwanza. Kipindi cha tisa: chafya na ukuta. Niliyasoma kwa sauti, wala sikuyasoma kwa upole. Bahasha tu ndiyo waliyoitunga wenyewe watu wa tamthilia. Mengine yote aliwafundisha yeye, wiki baada ya wiki, na jina lake likiwa juu.

Shemeji akakaa. Daftari lilimtoka mkononi, hakuliokota.

"Mama," alisema, "nimekosa. Nisamehe."

Dada alifungua mkoba, akatoa gazeti la siku hiyo. Lilikuwa limeshakunjwa kwenye ukurasa wa shemeji, maana dada alikuwa amelisoma palepale kwa muuza magazeti, watu wakimtazama. Shemeji alipoliona akafumba macho. Mimi nikasoma: "Siri za nyumba yangu zinauzwa na mtu ninayelala naye kitanda kimoja. Kikulacho ki nguoni mwako."

Dada akalilaza gazeti mbele yake, akaweka mkasi juu.

"Zote nimekata mimi," alisema. "Ya leo kata mwenyewe."