Sweta Mbili Kwenye Joto la Ruaha Mbuyuni

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni Jumamosi moja tuliyoteremka mlima wa Kitonga juu ya lori, wanawake kumi na wawili wa soko la Mlandege, hapa Iringa, tunaimba mpaka sauti zinakwaruza. Tulikuwa tunakwenda Ruaha Mbuyuni kucheza mpira wa pete na akina mama wanaolima vitunguu kule. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mama wa watoto wawili, na mimi ndiye niliyekuwa mfungaji. Sogea karibu, weka hiyo simu chini kwanza, maana habari hii inakuhusu wewe unayesema utaanza mazoezi ukishapungua.

Ndiyo, nilikusikia juzi. Nilinyamaza kwa sababu palikuwa na wageni. Leo hakuna wageni.

Shuleni, huko Mbeya nilikozaliwa, nilikuwa mrefu na mwembamba, nalenga pete bila hata kukunja uso. Nikaolewa huku Iringa, nikamzaa Eliza, nikamzaa na mdogo wake, mwili ukaja. Na unawajua watu wetu, pale sokoni kila mtu alinisifia. "Mama Eliza umenawiri, mzee anakutunza." Nami nacheka nao, naitikia. Lakini siku moja gari liliondoka na ndoo yangu ya nyanya, nikalikimbiza, na watu wale wale waliokuwa wananisifia walicheka mpaka wakashika mbavu. Jamaa mmoja muuza viazi akaigiza ninavyotikisika. Aliigiza vizuri, hilo nalo niseme kweli. Nilicheka pamoja nao, halafu nikaenda nyuma ya genge nikalia. Unene wangu waliupenda nikiwa nimekaa tu.

Kwa hiyo Lustika, rafiki yangu niliyekuwa nauza naye nyanya, aliponiambia soko linaunda timu na yeye ndiye nahodha, moyo wangu uliruka kwa furaha na hapo hapo nikaona aibu. Nilikubali, ila nikatafuta ujanja. Unajua mama zetu hutufunga tumbo kwa kanga tukishajifungua, ili tumbo lirudi. Wenzangu walifunga wiki kadhaa wakaacha. Mimi mtoto wa pili alikuwa anatembea, anaiba sukari kabatini, na bado kila nikienda mazoezini najikaza kanga ile ile mpaka naona nyota. Juu ya kanga, tisheti ya timu, ya njano, na zote zilinunuliwa saizi moja utadhani sisi ni mapacha. Juu ya tisheti, sweta. Juu ya sweta, sweta ya mume wangu iliyonifika mapajani. Chini, sketi ya kubana, kwa sababu nilidhani ikibana ndiyo nitaonekana mdogo. Na kwa baridi ya Iringa ya mwezi wa saba, nani angeniuliza? Nusu ya timu walifanya mazoezi na sweta. Baridi ilinificha vizuri, mwanangu, nikajiona mjanja kweli kweli.

Sasa mtu wa Iringa mwenye akili zake anajua kwamba ukishuka Kitonga unaiacha baridi nyuma yako. Nilijua, lakini sikutaka kulifikiria.

Kila kona tuliyokata, joto liliongezeka. Lustika alivua sweta yake wa kwanza, akaifunga kiunoni. Akafuata mwingine, na mwingine. Tulipofika bondeni wote walikuwa na tisheti za njano, mikono wazi, wanapunga upepo. Nikabaki mimi.

"Mama Eliza, una homa?" Lustika akaniuliza.

"Nasikia baridi kidogo," nikamjibu.

Baridi. Saa saba mchana, karibu na Ruaha Mbuyuni. Lori zima lilicheka, nami nikacheka, huku jasho linanitiririka mgongoni. Lakini ndani nilikuwa nimeshajiapia: nikichekwa leo uwanjani kama nilivyochekwa sokoni, sitaushika tena mpira mpaka naingia kaburini. Nilimaanisha. Na ningekuwa nimekosa kitu nilichokipenda kuliko vyote baada ya watoto wangu.

Mchezo ukaanza. Walinifunga kitambaa cha herufi za nafasi yangu juu ya sweta, na mwalimu aliyekuwa mwamuzi akanitazama, akatikisa kichwa, akapuliza filimbi. Jamani, sitaki hata kukumbuka. Nikinyanyua mikono, kanga inapanda mbavuni, pumzi inakata. Nikitaka kupiga hatua ndefu, sketi inanirudisha. Mipira niliyokuwa naifunga nikiwa nimefumba macho ilikuwa inaanguka kabla ya kufika kwenye pete. Na mpira wa pete hauna huruma na mfungaji. Mwingine akikosea anasahaulika, wewe ukikosea uwanja mzima unaguna. Mpaka mapumziko tulikuwa nyuma kwa magoli tisa. Nilijikokota nikaenda kukaa nyuma ya magunia ya vitunguu, macho yanaona giza, masikio yanavuma.

Hapo ndipo aliponikuta Mama Vaileti. Alikuwa mama mtu mzima, zaidi ya miaka hamsini, mkulima wa vitunguu, binti yake alikuwa anacheza timu ya wenyeji, na yeye ndiye aliyekuwa anatugawia maji sisi sote. Alikuwa mnene kunizidi. Miguu peku, gauni pana lisilo na mikono, na anatembea kama mtu ambaye uwanja ule ni wa baba yake.

"Kamwene," akanisalimu kwa Kihehe. Akainama akanitazama vizuri. "We mtoto, umevaa nguo ngapi?"

Hakusubiri jibu. Akaanza kunivua mwenyewe, anahesabu. Moja. Mbili. Ya njano, tatu. Alipofika kwenye kanga akasimama. "Na hii?"

"Nilijifungua, mama."

"Lini?"

"Mwaka juzi."

Nilidhani atacheka. Hakucheka, alikasirika. Akanipa maji, akasubiri nimalize, akaniuliza nani alinicheka. Nikamwambia yote, ya gari na ndoo na muuza viazi, nalia kama Eliza.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Sisi huku tukivifunika vitunguu turubai kwenye joto hili, keshokutwa vimeoza vyote. Wewe umejifunika hivyo hivyo. Unataka tukuokote hapa, tupeleke habari Iringa kwamba umekufa kwa kuficha tumbo?"

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka peke yangu. Aliifungua ile kanga, akaikunja upya, akanifunga kifuani, siyo tumboni. Akaikaza hapa, akaiachia pale, ananiuliza kama napumua vizuri. "Umeifunga mahali sipo," akasema. "Tumbo linataka nafasi ya kuvuta hewa. Kifua ndicho kinachotaka kushikwa, kisikuume ukiruka." Miaka yote ile najikaza, hakuna aliyewahi kuniambia hivyo.

Nyumba yake ilikuwa pale pale jirani. Aliingia akatoka na blauzi yake ya pamba ya kuvaa shambani, ya bluu, ina maua meupe, pana, imefuliwa mpaka imekuwa laini. Akaleta na sketi ya kumwagika na bukta ya mwanawe ya kuvaa ndani.

"Mapaja yako yanasuguana?"

"Yanasuguana, mama."

"Na yangu pia. Kazi ya bukta ndiyo hiyo." Nikavaa. "Haya, nyanyua mikono. Inama. Chuchumaa. Ruka mara tatu." Nikaruka. Hakuna kilichopanda, hakuna kilichoshuka, hakuna kilichonibana. "Unasikia chochote?"

"Sisikii kitu."

"Basi hiyo ndiyo nguo. Nenda."

Sasa fikiria, mwanangu. Mimi niliyekuwa nataka nisionekane, naingia uwanjani na blauzi ya bluu yenye maua katikati ya timu ya njano. Mwamuzi akataka kuleta maneno, Lustika akamwambia kitambaa cha herufi si kipo, aache mtu acheze. Watu wakacheka. Kitoto kimoja juu ya magunia kikapiga kelele "bonge". Nililisikia lile neno vizuri sana. Nilitamani kurudi nyuma ya magunia. Lakini filimbi ilishalia na mpira ulikuwa hewani unakuja kwangu, na mikono yangu ikanyanyuka yenyewe, mpaka juu kabisa, hakuna kinachoishika.

Ukaingia.

Wa pili ukaingia. Wa tatu nikaurukia, nikaudaka juu ya kichwa cha beki wao, nikageuka, ukaingia. Weee, nilikuwa nimesahau. Nilikuwa nimesahau utamu wa kuvuta pumzi mpaka chini kabisa ya tumbo. Tumbo lilikuwepo, linatikisika linavyotaka, na mimi sina habari nalo, nina habari na pete tu. Wale wale waliocheka wakaanza kuhesabu magoli kwa sauti, hata akina mama wa vitunguu wanashangilia, Mama Vaileti anampigia kelele binti yake mwenyewe, "Mkabe, mkabe huyo wa maua," huku anacheka mpaka anapangusa macho. Tulirudisha magoli manane. Filimbi ya mwisho ikalia tukiwa tumefungwa kwa goli moja, na mimi ndiye niliyekuwa naruka ruka utadhani tumechukua kombe.

Jioni tulipoanza kupanda Kitonga, Lustika alikaa karibu yangu. Akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nikamwambia nilikuwa naona aibu ya tumbo. Akashusha soksi zake ndefu, zile ambazo hakuwahi kuzivua hata siku moja, akanionyesha kovu la maji ya moto lililojaa mguu mzima. "Mimi nilidhani mnaangalia hili," akasema. Mama aliyekaa mbele yetu akageuka, akasema yeye alikuwa amejaza vitambaa kwenye sidiria. Mwingine alikuwa hanyanyui mikono kwa sababu ya jasho la kwapa. Mwingine alikuwa anaona aibu ya vigimbi vya miguu yake. Wakawa wanasema mmoja mmoja, na kila anayesema tunacheka mpaka dereva akagonga bati la lori akituuliza kuna nini. Wanawake kumi na wawili, mwanangu, na kila mmoja alikuwa amebeba lake la kuficha. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amepata nafasi ya kuliangalia tumbo langu.

Ndiyo maana nakuambia usisubiri kupungua. Nguo ya mazoezi inunue kwa mwili ulioamka nao leo asubuhi, usinunue kwa mwili wa mwaka kesho. Ukienda mitumbani usiulize kwanza kama itakuficha. Ijaribu, nyanyua mikono, inama, chuchumaa, ruka hapo hapo mbele ya muuzaji, na akikushangaa mwache ashangae. Ikikubana pumzi, iache hata kama ni nzuri. Sidiria ndiyo utafute ya kukushika sawasawa, hapo usibanie hela. Vaa pamba, au kitambaa chochote kinachopitisha hewa, na ndani vaa taiti au bukta mapaja yasichubuke. Kama unataka tisheti ndefu ya kukufunika makalio, vaa, hakuna dhambi, mimi mwenyewe huwa sipendi kuvaa vya kubana. Ila iwe pana na nyepesi, uivae kwa sababu umestarehe ndani yake. Ukitaka kuvaa vya rangi kali, vaa. Na watakaokucheka watakuwepo, sikudanganyi. Watacheka dakika mbili, halafu watarudi kwenye ya kwao, maana na wao wanayo.

Miaka yote ile nilijinyima raha ya kitu nilichokipenda, na siyo kwamba kuna mtu alinikataza. Nilijikataza mwenyewe. Usiniige hapo. Kesho asubuhi amka, vaa, toka.

Mungu akupe mapafu mapana na magoti yasiyochoka. Akupe rafiki wa kukimbia naye, na siku ukichekwa akupe miguu ya kuendelea. Mwili huu aliokupa ukutumikie miaka mingi, nawe uupende ukiwa bado unao.