Jicho la Jirani

Mwanangu alikufa kwa homa tukikaa Ngara, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Sikulia. Wenye kuja kutoa pole walisema nina subira. Subira gani! Nilikuwa nimekufa ganzi tu. Nilipewa chai nikainywa, sijui hata kama ilikuwa na sukari.

Mama mkwe aliwasili kutoka Mombasa na jibu lake tayari: mtoto kapigwa jicho. Jirani wa mlango wa pili, mama Mkikuyu aliyekuwa akishona nguo, alimpakata siku ile ya homa akasema, "Huyu mtoto ni mzuri! Amenona!" Hakusema mashallah. Kwetu mtoto hasifiwi hivi hivi. Kwao mtoto akiwa mzuri husifiwa, basi.

"Ahame," mama mkwe akasema.

Mwenye nyumba, mtu wa pwani kama sisi na mpole hadi anakera, alikuwa amekuja kutoa pole; alisema atafuata neno langu mimi niliyefiwa. Jirani alikuwa mjane, na wateja wake wote walikuwa mtaa ule ule.

Wakanitazama. Nilitaka kukubali. Nilihitaji mtu wa kumchukia, na huyo hapo, nimeshatafutiwa.

Lakini kichwa kiligoma. Homa ilianza lini? Asubuhi, nilipomwogesha, mwili ulikuwa moto na ziwa alikataa kulinyonya. Jirani alimsifu lini? Alasiri, akimbembeleza huku mimi natafuta dawa.

"Mama," nikasema, "homa ilianza asubuhi. Yeye alimsifu alasiri."

"Jicho halina saa, mwanangu."

"Basi tuhame sote. Nani humu hakumsifu?"

Mwenye nyumba akavaa viatu vyake akaenda zake, na jirani akabaki na cherehani yake.

Jioni alikuja na uji. Alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia.

"Mama, mimi sijui hiyo maneno yenu," akasema. "Lakini huyo mtoto nilikuwa nampenda. Kunywa hata kidogo."

Nikaupokea, nikaanza kunywa. Alipoondoka, mama mkwe alisogea karibu yangu. Ukali wote ulikuwa umemtoka.

"Haya. Kama si yeye, ni nani?"

"Hakuna mtu, mama."

Alinitazama, akajifunika uso kwa leso, akalia kwa sauti. Tangu aje hakuwa amelia. Mimi nikaendelea kunywa uji.