Magamba Yasiyo na Mahali

Kila asubuhi kwa miaka ishirini na tisa, fundi pampu wa bwawa la zamani aliwasha mashine, akaisikiliza mpaka ikaacha kukohoa, kisha akavua viatu, akakunja suruali na kuingia majini. Mkononi alishika kibano cha nyusi cha mkewe. Mfukoni alikuwa na makasha matupu ya viberiti. Aliinama kwenye matete, shina baada ya shina, akitafuta kitu ambacho wewe na mimi tungekipita bila kukiona: gamba kavu, jepesi kuliko ganda la kitunguu, miguu yake sita imekumbatia shina na mgongo umepasuka.

Mtaani walimwita Bwana Magamba. Wachache walimwita hivyo kwa upendo. Wengi, tuseme ukweli, walikuwa wakimcheka.

Kazi hiyo alifundishwa na mtafiti mmoja aliyekaa pale miezi mitatu, akaondoka, asionekane tena. Alimwachia fundi mambo mawili. La kwanza: kereng'ende anayeruka hathibitishi kitu, maana mwenye mabawa anaweza kuwa ametoka popote. Ila mtoto wake, tunutu, hana mabawa. Huishi chini ya maji kwa miezi, wengine hata miaka, akiwinda viluwiluwi vya mbu kwa mdomo unaochomoka kama mkono wa mwizi. Siku yake ikifika hupanda shina, hupasuka mgongo, na kutoka akiwa na mabawa. Gamba analoliacha ndicho cheti chake cha kuzaliwa. La pili: ukishalihesabu gamba, litoe, usije ukalihesabu tena kesho.

Fundi aliyashika hayo mawili kama mtu anavyoshika dini.

Mwandiko wake ulikuwa kama kuku aliyepita kwenye matope, kwa hiyo kuandika ilikuwa kazi ya mkewe. Jioni waliketi kwenye meza ya jikoni, yeye akitaja, mke akiandika kwenye vikaratasi na kuvibandika juu ya viberiti. Fundi alimwita Karani.

"Tarehe nimeweka," Karani alisema jioni ya kwanza. "Aina nimeweka. Na mahali je?"

"Mahali gani tena, Karani? Kwani tuna bwawa jingine?"

"Huenda mume wangu tajiri atanunua la pili."

"Likija la pili tutaandika. Kwa sasa usinimalizie wino."

Wakacheka mpaka binti yao mdogo akaja kuuliza kuna nini. Tangu hapo ikawa mchezo wao. Kila akifika mwisho wa kikaratasi, Karani aliinua kalamu na kuuliza, "Na mahali?" Fundi alijibu, "Palepale." Kalamu ikashushwa, kiberiti kikaenda kwenye rafu za chumba cha pampu. Ndoa nyingi zimeshikiliwa na vitu vidogo kuliko hivyo.

Kati ya kereng'ende wote, Karani aliwapenda wale wembamba kama sindano, ambao wakitua hukunja mabawa mgongoni badala ya kuyatandaza kama wenzao wakubwa. Palikuwa na aina moja yenye ncha ya mkia ya rangi ya chungwa. Siku moja alimkuta dume amemshika jike shingoni kwa mkia wake, na jike ameinama anataga mayai ndani ya shina, nusu mwili umezama.

"Huyu anamkaba mwenzake?"

"Anamshika. Akizama, dume atamvuta."

"Basi na wewe unishike vizuri," Karani alisema.

Figo zake zilipougua, fundi alimshika kadiri mkono wa binadamu unavyoweza kushika. Haikutosha. Alizikwa mwanzoni mwa mwaka, na tangu siku hiyo fundi aliendelea kuokota magamba, lakini viberiti vikapangwa rafuni vikiwa vitupu usoni, bila neno. Binti yake, ambaye sasa alikuwa muuguzi, alijitolea kuandika. Fundi alimwambia, "Acha tu, mama. Kalamu imepotea." Kalamu ilikuwa mfukoni mwake.

Miezi saba baadaye ikaja barua. Mji ulikuwa umepata bomba jipya, bwawa halikuwa na kazi tena, lingefukiwa yajengwe maghala. Kulikuwa na kizuizi kimoja tu: sheria ilisema maji ambamo kiumbe adimu huzaliwa yasiguswe, na yule wa mkia wa chungwa alikuwa kwenye orodha ya viumbe adimu. Kamati ingekuja Ijumaa, saa nne asubuhi, kuangalia kama kweli anazaliwa pale.

Fundi hakupata usingizi kwa furaha. Miaka ishirini na tisa ya kuchekwa, na sasa serikali nzima inakuja kumuuliza yeye.

"Baba, vaa shati jeupe," binti alimwambia Ijumaa alfajiri. "Na usiwafokee."

"Nitawafokea kwa nini? Nina ushahidi wa kujaza lori."

Alifika bwawani kabla ya jua, akavua viatu, akafanya kama alivyofanya kila siku ya maisha yake. Alikuta magamba kumi na moja ya mkia wa chungwa. Akayahesabu. Akayatoa yote, moja moja, kwa kibano, matete yakabaki safi.

Saa nne kulikuwa na wingu zito na baridi. Kereng'ende hawawezi kuruka bila jua la kuwapasha moto, na siku hiyo wote walikuwa wamejificha majanini. Mtaalamu wa wadudu, dada mmoja kijana mwenye buti za mpira, aliingia majini na kukagua mashina kwa saa nzima. Mkubwa wa idara alisimama ukingoni akiangalia saa yake.

"Mzee," mtaalamu alisema akitoka, "hakuna hata gamba moja."

"Nimeyatoa, mwanangu. Alfajiri. Ndiyo kanuni."

"Ameyatoa," mkubwa akasema. "Siku ya ukaguzi. Hapa ndipo mwanafunzi anaposema daftari lake limeliwa na mbuzi."

Fundi akawaongoza hadi chumba cha pampu, akafungua mlango. Rafu zilipanda hadi darini, zimejaa viberiti. Mtaalamu alipiga magoti, akafungua kimoja, akatoa kioo chake cha kukuzia. Akaviona vile vijani vitatu mwishoni mwa gamba, ambavyo tunutu huvutia pumzi majini, na alama zake.

"Ni yeye," alisema polepole. "Mzee, hii ni hazina."

Fundi akamtazama mkubwa. Ningetamani hadithi iishie hapo. Lakini yule dada alikuwa amegeuza kiberiti, kisha cha pili, kisha cha kumi, na uso wake ukawa unabadilika.

"Mahali hapajaandikwa."

"Ni hapa."

"Mimi najua ni hapa. Karatasi ndiyo haijui." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetoa habari za msiba. "Mdudu asiye na mahali hawezi kutoa ushahidi, mzee. Anaweza kuwa ameokotwa bwawa lolote."

"Nikiandika sasa?"

"Itabidi niseme umeandika leo."

Mtaalamu aliomba wapewe asubuhi moja zaidi. Mkubwa alisema tingatinga limeshakodiwa kuanzia Jumatatu. Taarifa ilisainiwa palepale, juu ya boneti ya gari, na gari likaondoka. Dakika tatu. Mtu mmoja alitoa miaka ishirini na tisa, mwingine akatoa dakika tatu, na mwenye dakika tatu ndiye aliyekuwa na muhuri.

Usiku binti alimkuta mezani jikoni, kiberiti kimoja mbele yake, mwandiko wa marehemu ukimtazama.

"Umekula, baba?"

"Aliniuliza," fundi alisema. "Kila jioni aliniuliza. Mimi nikamwambia asinimalizie wino."

Binti alivuta kiti, akakaa karibu naye.

Jumatatu, dereva wa tingatinga alimkuta fundi amesimama majini, maji magotini.

"Shikamoo, mzee. Nimeambiwa nianzie upande huu."

"Marahaba. Utaanza. Nivumilie kidogo na shina hili."

"Lina nini?"

"Mtoto. Ametoka sasa hivi, mabawa hayajakauka."

Dereva alifikiria, akazima mashine, akashuka na kuchuchumaa ukingoni. Kwenye shina, juu ya gamba lililopasuka, alikuwepo kiumbe mweupe, laini, mabawa yamekunjamana kama karatasi iliyoloa.

"Huyu ndiye aliyewasumbua wakubwa? Mbona hata rangi hana?"

"Rangi inakuja baadaye. Hapo mkiani itakuwa ya chungwa."

Jua lilitoka. Mabawa yakanyooka taratibu, yakang'aa. Baada ya nusu saa hivi kereng'ende alijiachia, akaruka kwa udhaifu, akavuka barabara na kupotelea majanini.

"Haya, kazi imekwisha," dereva alisema. "Hatarudi tena."

"Atarudi. Watoto hukaa mbali na maji mpaka wakomae. Wiki mbili hivi, atakuja kutafuta mke."

"Atakuja wapi?"

"Hapa."

Dereva aligeuka akautazama mlima wa kifusi uliomwagwa nyuma ya mashine yake, akavua kofia, akaivaa tena.

Fundi alilitoa gamba kwa kibano, akalilaza kwenye kiberiti. Akatoa kalamu mfukoni, akapanda ukingoni, akaegemea tingatinga, akaandika kwa ule mwandiko wake wa kuku. Tarehe. Aina. Mkono ukasimama kitambo kirefu. Kisha akaandika jina lote la bwawa, herufi kwa herufi, mpaka kikaratasi kikajaa.

Akavaa viatu bila kufuta miguu.

"Sasa endelea," akamwambia dereva.