Siku Niliyoita Mwizi

Mtu akipaza sauti "Mwizi!" sokoni Nachingwea, wenzangu hukimbilia huko kutazama. Mimi huketi chini. Pale pale nilipo, hata kama ni kwenye matope, naketi, na watu wananiuliza, "Vipi dada, presha imepanda?" Nawaambia ni jua. Nitamwambia nini muuza nyanya? Kwamba nilipokuwa na miaka tisa, kule kwetu Nkowe, niliita mwizi na mwizi hakuwepo, na kwamba niliita kwa ajili ya mama yangu?

Baba alikuwa anampiga mama. Nalisema hivyo, wazi, kwa sababu kwetu halikusemwa hivyo. Walisema "wamekorofishana", walisema "mambo ya ndani". Na baba hakuwa mlevi. Watu hupenda kusikia kwamba alikuwa mlevi, inawapa nafuu. Baba aliswali swala tano, na mikorosho ya ukoo wa mama aliipalilia kuliko wenye mikorosho yao, maana yeye ndiye aliyekuja kuoa na kukaa kwetu. Mjomba, kaka yake mama, alimthamini mno. Mimi pia baba alinipenda. Hajawahi kunichapa hata kofi moja. Mama alipigwa kwa chumvi, kwa kuchelewa kisimani, kwa kumwazima jirani ungo. Akilia, redio za majirani zinaongezwa sauti. Nilikuwa mtoto, lakini nilishaona kwamba mama akilia hakuna anayeinuka mkekani. Ila mwizi wa korosho, jamani! Akiitwa mwizi, hata mgonjwa anatoka na panga.

Basi siku hiyo, msimu wa korosho, saa tisa alasiri, mama na mimi tulikuwa uani tunatenganisha korosho na mabibo. Baba akaja, akauliza ni nani kaweka gunia kwenye unyevu. Hakungoja jibu. Mimi nikakimbilia njiani, nikavuta pumzi, nikapiga yowe: "Mwizi! Mwizi jamani! Mwizi!"

Wakaja. Wee, walikuja! Wanaume na mapanga, wanawake na michi, mpaka jirani yetu mmoja aliyekuwa na mguu mbovu. Wakamkuta baba kamkaba mama kwa kanga yake mwenyewe. Halafu mmoja akasema, "Mwizi mwenyewe ndiye shemeji?" Wakacheka. Walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Baba naye akacheka, akaiachia ile kanga. Mtu akampiga begani, "Shemeji, leo umeponea chupuchupu, tungekuchoma moto!" Mama akajifuta mdomo kwa pindo la kanga, akacheka pia. Kicheko kile cha mama hunijia nikiwa napika, nikiwa nafunga mlango, saa yoyote kinapotaka.

Wa mwisho kufika alikuwa mama mmoja wa Kisukuma. Familia yake ilikuwa imehamia na ng'ombe kutoka huko Kanda ya Ziwa, hata mwaka haujaisha, wakajenga ng'ambo ya kijito, na sisi tukawa tunawasema vibaya kwamba ng'ombe wao wanamaliza mbaazi zetu. Alikuja mbio na fimbo, jasho linamtiririka, wala hakuwa anacheka. "Mwizi yuko wapi?" Wakamwambia hakuna mwizi, ni mtu na mkewe. Akamtazama mama. "Sasa huyu si anatoka damu?" Watu wakatawanyika, akabaki yeye amesimama na fimbo yake mpaka baba alipoingia ndani.

Ijumaa, baada ya swala, mjomba akaniita barazani kwake. Wakubwa wote walikuwepo, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, mama nyuma kabisa. Nilidhani wataongea habari za mdomo wa mama uliovimba. Kumbe kesi ilikuwa yangu!

"Mpwa wangu," mjomba akasema, "unajua mtu akiitiwa mwizi anauawa? Ulitaka baba yako auawe?"

Swali lilikuwa la haki, na hilo ndilo linaloniuma. Nimejiuliza miaka yote hii, na jibu nililonalo siwezi kulitamka. Wakaniamuru nipige magoti mbele ya baba, nimshike miguu, niseme sitapiga kelele tena. Nikasema. "Kwa sauti, wote tusikie," akasema mama mdogo, ndugu yake mama kabisa, tumbo moja. Nikarudia kwa sauti. Baba akaniinua, akanipangusa vumbi magotini kwa mkono wake, taratibu, kama hataki niumie. Saa ile nilimpenda, Mungu anisamehe.

Mvua zikaja, palizi ikaja. Asubuhi moja nilikuwa nyuma ya jiko nachambua matembele, nikasikia sufuria limeanguka ndani, nikajua. Sauti ya mama ikapanda, ikashuka. Njia ilikuwa pale pale, hatua ishirini. Nikajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mama akaniita. Aliniita jina langu, mara moja tu, wala si kwa ukali, kana kwamba anataka nimpelekee maji. Nikakaza viganja. Nilikuwa nimeahidi mbele ya watu wazima wote, na mimi nilikuwa mtoto msikivu, hata walimu walinisifia.

Baba akatoka, akanawa mikono, akasema mama ameteleza na ndoo, nikamwite mama mdogo. Wakampakia kwenye bodaboda, katikati ya dereva na mama mdogo, wamemfunga kwa kanga asidondoke, wakamkimbiza hospitali Ruangwa. Alikufa kabla ya magharibi. Watu wakasema ni kazi ya Mungu. Jamani, Mungu amesingiziwa mengi sana pale kwetu.

Baba yupo mpaka leo. Amezeeka, macho hayaoni vizuri, msibani watu wanampisha kiti. Nikienda namwamkia, shikamoo baba. Ndiyo, namwamkia, mlitaka nifanyeje? Halafu narudi Nachingwea, nakaa siku mbili sisemi na mtu, na wanangu wananyata humo ndani wakidhani wamenikosea. Mdogo aliwahi kuniomba msamaha na hakuwa na kosa lolote. Nilimkumbatia.

Siku ya arobaini ya mama, yule mama wa Kisukuma alivuka kijito na kibuyu cha maziwa ya mgando. Wanawake wakakipokea, wakakiweka kando, hakuna aliyeonja. Yeye akaja kuketi na mimi mkekani, karibu kabisa, nguo zake zinanukia moshi na ng'ombe. Akaniuliza polepole, kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno:

"Mtoto, siku ile aliyokufa mama yako mbona hukupiga yowe? Mimi nilikuwa pale kijitoni, nafua. Ningekuja."

Nikamwambia nilikatazwa.

"Na nani?"

Nikainua macho nimwonyeshe. Uani palikuwa pamejaa. Mjomba alikuwa anagawa nyama, mama mdogo anapakua wali, baba ameketi na wanaume wakimsogezea sinia, na wale wote waliokuja na mapanga siku ile walikuwa wamekaa wanakula. Sikujua nianze na yupi.